Kesi ya ndugu yangu imefutwa kwa sababu ya ANUANI. Wafungwa wa Marekani wanadhulumiwa kwa makaratasi

Wakuu, leo nina hasira na sitaficha. Mtoto wa shangazi yangu yuko gereza la jimbo huku Marekani. Akawa ananyimwa insulini mara kwa mara, akalalamika, wakampuuza, akaushitaki uongozi wa gereza mahakama ya shirikisho kwa kile kifungu namba 1983, kinachoruhusu kuwashitaki maofisa wa jimbo waliovunja haki zako. Wakili hana, anajiandikia mwenyewe. Sasa kesi imefutwa. Hakuna jaji aliyesema insulini alipewa, wala aliyesema alinyimwa. Imefutwa kwa sababu hakupeleka taarifa ya anuani mpya.

Anuani mpya! Si walimhamisha wao wenyewe, usiku, boksi la makaratasi yake likabaki gereza la zamani? Barua ya mahakama ikarudi kwa karani haijafunguliwa. Aliyemhamisha ndiye mdaiwa, halafu anayeambiwa "hukufuatilia kesi yako" ni yeye.

Karibu kila ombi lake linapita mikononi mwa watu anaowashitaki. Kabla ya kushitaki lazima amalize malalamiko ya ndani ngazi zote, kwa fomu zao na kwa siku walizopanga wao. Ndivyo inavyotaka PLRA, sheria ya kubana kesi za wafungwa aliyosaini Rais Clinton mwaka 1996, na kwenye kesi ya Woodford v. Ngo, 2006, Mahakama ya Juu ikakazia kuwa ukichelewa huko ndani, imekula kwako. Akiomba kufungua kesi kama asiye na uwezo, anadaiwa taarifa ya akaunti yake ya gerezani ya miezi 6, iliyothibitishwa. Inathibitishwa na nani? Gereza.

Na msidhani huko kuomba ni kusamehewa. Maskini wa uraiani akikubaliwa, ada imekwisha. Mfungwa anaondolewa dola 55 tu kati ya 405. Zile 350 zinabaki palepale, anakatwa asilimia 20 ya kinachoingia kila mwezi. Kinachoingia ni jasho langu mimi! Nikituma dola 50 za sabuni na tambi, 10 ni za mahakama. Kesi imeshafutwa na makato yanaendelea. Ukiwa na kesi mbili unakatwa mara mbili, majaji wote walikubaliana hivyo kwenye Bruce v. Samuels, 2016.

Aliomba wakili pia. Kwenye madai jaji hawezi kumlazimisha wakili, anaweza kumwomba tu. Jibu lilikuja kwa mistari michache: limekataliwa, mdai ameonyesha anajieleza vizuri. Anajieleza vizuri! Ombi lile aliliandikia selo ya kutengwa, kwa ile kalamu laini inayopindapinda wanayopewa wasije wakachomana nayo, nakala zote kwa mkono kwa kuwa fotokopi inalipiwa. Ukiandika vibaya kesi haieleweki, ukiandika vizuri huhitaji wakili. Sasa aandikeje?

Niwe mkweli, lipo jema moja. Tangu Houston v. Lack ya 1988, tarehe ya rufaa inahesabiwa siku mfungwa anapomkabidhi askari bahasha. Ndiyo maana karatasi zake zote zinaishia na tamko chini ya kiapo la tarehe aliyoitoa. Lakini hiyo ni barua inayotoka. Inayoingia ikikaa chumba cha barua, zile siku 14 za kupinga mapendekezo ya hakimu anayemsaidia jaji kwenye kesi zinaliwa hukohuko.

Najua atatokea mtu wa "wafungwa wanashitaki upuuzi". Wakati wa kuipigia debe PLRA ilivuma stori ya mfungwa aliyeshitaki kwa kupewa siagi ya karanga laini badala ya yenye chenga. Jaji Jon Newman akaja kuonyesha ilivyokuwa: jamaa aliirudisha ile siagi, akahamishwa gereza, na dola 2.50 zake zikakatwa bila kupewa kitu. Naye alihamishwa, mnaona?

Sasa msaada. Nataka kusikia kwa mtu ambaye ndugu yake amewahi kufufua kesi iliyofutwa namna hii kwa Kanuni ya 60, ile ya kuiomba mahakama itengue uamuzi wake. Je, alipata uthibitisho wa tarehe ya kuhamishwa kutoka gerezani, au jaji aliridhika na kiapo chake tu? Rufaa ni dola 605 nyingine, nazo zitakatwa humohumo. Wa "mwambie atulie amalize kifungo", uzi huu haukuhusu.