Piano ya misa ya ndoa Malindi: Pachelbel, Wagner, Debussy au Bach?

BintiCasuarina
Hamjambo wenzangu. Mdogo wangu anafunga ndoa Agosti, misa kanisani hapa Malindi, kisha karamu uwanjani karibu na bahari. Kwaya ina nyimbo zake, ila bibi harusi ameng'ang'ania piano wakati wa kuingia, wakati wa kutia saini cheti na wakati wa kutoka. Kijana wa kupiga tumempata, anasoma nota vizuri. Orodha ya bibi harusi: Canon ya Pachelbel, ile ya Wagner inayojulikana na kila mtu (Here Comes the Bride), Clair de lune ya Debussy, na machi ya Mendelssohn ya kutokea. Mwaonaje?

MwalimuWaKwaya
Dada, kabla hamjapenda chochote, muoneni paroko. Wagner na Mendelssohn mapadri wengi huwakataa, maana muziki wote huo ulitungiwa jukwaa la maigizo, si ibada.

Na huyo Wagner ana kisa chake. Kipande kimetoka katika opera ya Lohengrin, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Weimar mwaka 1850. Mle ndani hakimwingizi bibi harusi kanisani hata kidogo. Ndoa imeshafungwa, watu wanawasindikiza maharusi chumbani. Usiku uo huo bibi harusi anamuuliza mumewe lile swali alilokatazwa: jina lako nani, na kwenu wapi? Basi mambo yameharibika. Mume anaondoka zake, mke anaanguka na kufa. Siamini nuksi, lakini kwa binti yangu nisingekipiga.

Shangazi_wa_Kisauni
Jina na kwao? Hayo sisi huyauliza kabla posa haijapokelewa! 😂

VituféNyeusi
Mimi hupiga harusini, na kura yangu ya kuingilia ni Pachelbel. Si kwa utamu wake tu (kwa kweli tulioipiga sana tumeichoka), bali kwa jinsi ilivyojengwa. Chini kuna besi ya nota nane tu, na besi hiyo inarudiwa mara 28 mpaka mwisho. Ukipiga pigo moja kwa sekunde, kila mzunguko ni sekunde nane. Faida yake: bibi harusi akifika mbele mapema, unamalizia mzunguko uliopo na kufunga, hakuna atakayejua umekata. Akichelewa mlangoni kwa sababu shela imenasa, unazungusha tena. Jaribu kufanya hivyo na Debussy uone aibu.

Kumbuka tu kwamba Pachelbel aliandikia fidla tatu na besi, si piano. Kwa hiyo kuna mipangilio mingi, mingine ya watoto, mingine imejazwa madoido. Kijana achague ya kati.

BintiCasuarina
Kaka, Clair de lune ndiyo anayoipenda kuliko zote. Haifai kabisa?

VituféNyeusi
Inafaa, ila si ya kutembelea. Mapigo yake yanaelea, msafara hautapata mguu wa kufuata. Ina bemoli tano (alama za kushusha nota nusu sauti), na bila pedali, ile ya mguu inayorefusha sauti, inakatikakatika. Iwekeni karamuni, watu wakiwa bado wanatafuta viti.

MzeeWaLangoni
Nawasoma kutoka Lamu. Kwetu nikaha haitaki piano, na wanawake wana vugo, ngoma yao ya harusi. Lakini nauliza: hiyo piano ya uwanjani Agosti, na upepo wa kusi unavuma hivi, nani atazishika karatasi?

MwalimuWaKwaya
Swali zuri, mzee wangu. Vibanio vya nguo vinatosha. Piano ya mbao msiipeleke uwanjani; unyevu wa pwani huvimbisha mbao na nyuzi zinapoteza sauti. Kodini ya umeme.

Kwa saini, hamjataja chaguo ninaloliona bora: Bach, kile kipande cha Kantata (utungo wa kuimbwa kanisani kwa ala) namba 147 ya mwaka 1723, ambacho Waingereza hukiita Jesu, Joy of Man's Desiring. Mpiga piano Mwingereza Myra Hess alikipangia piano, kikachapishwa 1926. Nota zinatiririka tatu tatu bila haraka, na maneno yake ya asili yanamhusu Yesu, hivyo paroko hatakuwa na neno.

Shangazi_wa_Kisauni
Na Ave Maria ya Schubert?

MwalimuWaKwaya
Hiyo nayo ni wimbo wa shairi la Walter Scott, 1825; msichana Ellen anamwomba Bikira Maria. Wako mapadri wanaoikubali, wako wasioikubali. Kama kuna mwimbaji mzuri, sawa. Kwa piano pekee naona inapwaya.

VituféNyeusi
Kuhusu kutoka, mwalimu, mimi na wewe hatupatani. Mendelssohn anatosha furaha! Aliandika 1842 kwa ajili ya tamthilia ya Shakespeare, na binti wa Malkia Victoria alipoitumia harusini kwake mwaka 1858, ikaenea. Tatizo ninaloliona ni mikono: zile tarumbeta za mwanzo zikipigwa na mtu mwoga, zinakuwa mzaha. Paroko akikataa, chukueni machi ya Jeremiah Clarke, ile ya Prince of Denmark. Fupi, ya kishujaa, rahisi kwa vidole.

BintiCasuarina
Nimetoka ofisini kwa paroko. Wagner hapana, Mendelssohn hapana, "pigeni huko ukumbini." Pachelbel na Bach amekubali, Clarke pia. Bibi harusi amenuna kidogo, ila kusikia Debussy itakuwa ya karamuni akatulia. Kinanda cha parokia kina vitufe 61. Kitatosha?

VituféNyeusi
Kwa Pachelbel na Clarke kitatosha. Bach ya Hess inataka 88 na pedali. Kwa kuwa mnakodi ya uwanjani, ichukueni asubuhi, ianzie kanisani. Na mwambie kijana aje siku moja kabla, atembee njia ile ya katikati kwa mwendo wa bibi harusi, ahesabu mizunguko.