Pembe za pembetatu mraba yangu hazifiki 180, nakosea wapi?

MtoroWaHesabu: Habari zenu wakuu. Narudia trigonometria ukubwani na nimekwama mapema. Nina pembetatu mraba yenye pande 3, 4 na 5, pembe mraba iko C. Pembe A nimeitafuta kwa saini (sine, yaani upande unaokabili pembe gawanya kwa upande mrefu kuliko yote), 3/5, ikatoka nyuzi 36.87. Nikaenda B, nikachukua tena 3/5 kwa sababu 3 ndio upande unaokabili. Ikatoka 36.87 ileile! Nikijumlisha na 90 napata 163.74. Nyuzi 16 na ushee zimeyeyukia wapi?

Kipimapembe: Hazijayeyuka, mkuu. Umeupa upande jina la kudumu. Unakabili, sawa, lakini unakabili pembe ipi? Jiweke kwenye kona A, tazama ng'ambo: unaiona 3. Hamia B, tazama ng'ambo: unaiona 4, na ile 3 imeshakuwa jirani yako. Kwa hiyo saini ya B ni 4/5, nyuzi 53.13. Jumlisha sasa. Asiyebadilika ni hipotenusi, ule upande mrefu kuliko yote, peke yake, maana siku zote anaikabili pembe mraba.

rula30: Mnazunguka sana. 90 toa 36.87, kwisha.

Kipimapembe: Ni kweli, ila akikosea A, B nayo itakosewa na jumla bado italeta 180 bila kumshtua. Azitafute zote mbili kwa uwiano, jumla iwe ya kuhakiki.

MtoroWaHesabu: Aisee. Kumbe saini ya A na kosaini (upande jirani gawanya kwa hipotenusi) ya B ni kitu kimoja, zote 3/5? Nilikuwa nazikariri mbalimbali. Halafu kuna hili: nikitumia kikokotoo cha simu kinanipa 0.6435 badala ya 36.87.

nukta_tatu: Kipo kwenye rediani, kipimo kingine cha pembe, kigeuze kiwe digrii, yaani nyuzi. Kabla ya kuanza kazi yoyote piga saini ya 30, isipotoka 0.5, usiendelee. Mimi iliwahi kunila swali zima la mtihani.

rula30: Na ukikutana na 6, 8, 10 usianze upya. Kila upande umezidishwa mara mbili tu, uwiano haukuguswa, pembe ni zilezile.

MtoroWaHesabu: Nimejaribu 5, 12, 13. A 22.62, B 67.38. Nilipofika B niligeuza daftari kabisa ili nitazame ng'ambo vizuri 😂 Jumla 90, na pembe mraba inakuwa 180.