Mama mwenye cheo akija kwenye maandamano: apewe maiki au azomewe?

Nyota ya Jaha: Mnakumbuka 27 Januari 2024, maandamano ya kupinga mauaji ya wanawake? Esther Passaris, mwakilishi wa wanawake Nairobi, alizomewa alipotaka kuhutubia. Mimi naona tulijichoma wenyewe. Hata usipompenda, yuko bungeni, na sheria zinapitia huko. Tukifukuza kila mwenye chama, tutabaki na nani?

Kiberiti: Wawakilishi wa wanawake 47 tangu 2013, na ile kanuni ya katiba kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili bungeni iko wapi? Jaji Mkuu Maraga alivunja bunge 2020 kwa sababu hiyo hiyo na bado hakuna kitu.

Wakili Msomi: Hakuvunja. Alimshauri Rais Uhuru alivunje, Uhuru akanyamaza. Soma kwanza ndio upige kelele.

Kiberiti: Asante mwalimu. Theluthi mbili iko wapi?

Mama Bale: Hiyo 27 ilikuwa Jumamosi. Nani pale soko la mitumba la Gikomba anafunga kibanda Jumamosi aende kuimba mjini? Harakati za wenye mshahara.

Nyota ya Jaha: Dada, anayeuawa haulizwi kama ana mshahara. Ukikosa moyo sema.

Mama Bale: Usiniite dada, hunijui. Moyo? Bale ya mitumba inafunguliwa alfajiri, kamera, zile nguo safi kabisa, zinachukuliwa kabla jua halijatoka. Ukiondoka saa nne unarudi kwa fagia, yaani masalio, na deni. Njoo ulilipe wewe.

Nyota ya Jaha: Mimi nilizungumzia Passaris, sijui bale imetoka wapi.

Mzee Kobe: Ndiyo shida ya kina mama. Hata kuandamana hamuelewani, mnataka nchi?

Wakili Msomi: Mzee wangu, Azimio na Kenya Kwanza, miungano ya kisiasa inayogombana kila siku, ni ya kina mama? Serikali yenyewe ilisema wanawake 97 waliuawa kati ya Agosti na Oktoba 2024. Tarehe 10 Desemba watu wakatoka, wakapigwa vitoa machozi. Polisi hawakuuliza nani alimpigia nani kura.

Mzee Kobe: Nimeuliza tu, mnanirukia.

Kiberiti: Hukuuliza, ulitukana na alama ya kuuliza mwishoni. Na hiyo Desemba Mama Bale alikuwa Gikomba pia?

Mama Bale: Ilikuwa Jumanne. Nilikuwa hapo kwenye maandamano, macho yakiwaka. Wewe ulikuwa wapi?

Kiberiti: Kazini.

Mama Bale: Haya basi.

Nyota ya Jaha: Kwa hivyo akija tena apewe maiki ama asipewe?

Kiberiti: Mama Bale, bale ya sweta siku hizi ni ngapi?