Yoga ya taratibu kwa wenye maumivu sugu: mkekani, kitini au kitandani?

Karafuu_Wete
Asalaam alaykum jamaa. Mwenye kiuno, magoti au baridi yabisi aanzie wapi?

FizioNgambo
Waalaykum salaam. Kipimo cha haraka: anayeswali kitini kwa sababu ya magoti, na yoga aanzie hapo hapo. Sakafu yenyewe haina neno, tabu ni kushuka na kunyanyuka. Kiti kiwe cha mbao, kisicho na mikono, kimegota ukutani. Vya plastiki miguu hutanuka juu ya marumaru ukiinama upande. Nyayo zikanyage chini zote, zikining'inia kiuno hukaza.

Mikono magotini. Vuta pumzi kwa hesabu 4 kifua kikitangulia, toa kwa hesabu 6 mgongo ukijiviringa. Mara 6 zatosha.

Baraza_Mkunazini
Mbona baraza, kile kibao cha mawe mbele ya nyumba, hamkitaji? Ukuta wa kuegemea upo tayari.

FizioNgambo
Kwa pumzi na kuzungusha mabega, sawa. Ila kimo chake hakibadiliki na jiwe hukitesa kifandugu, kwa hiyo tandika kigodoro. (Na wapita njia watakutolea salamu kila pumzi ya tatu.)

Bi_Jamvi
Kwa kiuno mie naichagua sakafu. Lala chali, miguu kuanzia magotini iwe juu ya kiti, nyonga na magoti pembe mraba, kanga iliyokunjwa chini ya kichwa. Dakika 5 hadi 10. Kuinuka, geuka ubavu kwanza kisha jisukume kwa mikono.

Kunyoosha nyuma ya paja: sokota kanga kwa urefu, ipite unyayoni, goti libaki limelegea. Wengi huvuta mpaka goti likakaza. Hapo unavuta neva, na ganzi hushuka hadi unyayoni. Ukiisikia, teremsha mguu. Ganzi ya sehemu za siri au mkojo usiozuilika, hiyo si ya mkekani: hospitali siku hiyo hiyo.

Mkeka wa ukili juu ya marumaru ni wa kulalia tu. Ukisimama juu yake huteleza.

Karafuu_Wete
Na baridi yabisi? Baada ya alfajiri si ndiyo kuna ubaridi mzuri?

FizioNgambo
Wakati huo ndio viungo vimekakamaa, mara nyingi zaidi ya nusu saa. Kitandani fumba na kufumbua vidole, zungusha vifundo vya miguu. Kiti kingoje saa nne, baada ya kuoga maji ya moto. Kiungo kilichovimba na chenye moto usikibebeshe uzito. Kusimama kwa kichwa usijaribu kabisa, maana ugonjwa huu huweza kulegeza viungo vya juu ya shingo. Aliyetumia steroidi (dawa za kupunguza uvimbe) muda mrefu asiiname wala kujipinda kwa nguvu, mifupa huenda imedhoofika.

Bi_Jamvi
Wenye fibromialjia (maumivu sugu ya mwili mzima pamoja na uchovu) muwaonye zaidi. Leo mtu huhisi anaweza dakika 30, kesho hainuki. Aanze na 10, siku afanye, siku apumzike. Maumivu yakipanda zaidi ya alama 2 kati ya 10 na asubuhi yake hayajashuka, apunguze nusu, asiache.