Kuku wamedonoa lusina changa, itapona au nipande upya?

Mama Ng'ombe Wawili: Wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi. Nimepanda lusina, ile alfalfa ya kulisha ng'ombe, kieneo kidogo nyuma ya nyumba huku Usa River maana pumba imepanda bei na nina ng'ombe wawili wa maziwa, ikaota vizuri tu siku ya sita, vijani viwili viwili vya duara, juzi mtoto kasahau kufunga banda kuku wakaingia wakala kama nusu. Halafu zilizobaki zimetoa jani moja peke yake, sio matatu kama lusina ninayoijua, nimeuziwa mbegu feki?

Babu Malisho: Marahaba mwanangu. Mbegu sio feki. Lusina jani la kwanza la kweli huwa moja, matatu yanaanzia linalofuata. Vile viwili vya duara ni majani ya mbegu, yalikuwemo ndani ya punje tangu mwanzo. Punje za lusina ni ndogo mno, gramu moja zinaingia karibu 500, akiba ya chakula ni kidogo ndo maana mche unayatoa juu haraka yawe kijani yapike chakula kwa jua, na mizizi nayo bado haina vifundo vya kuvuta naitrojeni. Sasa chuchumaa uangalie kuku kakata wapi. Kama ni chini ya yale mawili basi huo umekufa, huko chini hakuna jicho la kuchipukia. Kama limebaki hata moja na kishina chake, subiri, jicho liko kwapani mwa jani, itachelewa tu kuliko wenzake.

Kijana wa Njegere: Babu mbona njegere zangu zilikatwa na sota, wale viwavi wakata miche, zikachipua tena?

Babu Malisho: Njegere majani yake ya mbegu yanabaki ardhini na macho yako hukohuko. Lusina yanatoka nje kama maharage, kuku anayaona.

Dogo Banda: Mama suluhisho ni supu 😂

Mama Ng'ombe Wawili: Supu ya jogoo iko njiani. Nimechuchumaa leo asubuhi, upande wa banda nyingi zimebaki vijiti vitupu, upande wa pili nyingi zina jani moja. Naweza kuchomekea mbegu kwenye mapengo?

Babu Malisho: Chomekea sasa hivi, usingoje mwakani, maana lusina ikishakomaa inatoa sumu inayodumaza miche ya lusina mingine. Kina sentimita moja tu, ukizidisha mche unaishiwa nguvu kabla haujatokeza. Na zungushia wavu mpaka ikomae, baadaye ile shingo iliyo chini ya majani ya mbegu inajivuta yenyewe kwenda chini, pingili ya majani ya mbegu inazama udongoni na macho yake, hapo ikiliwa juu inachipua.

Dada wa Mbuzi: Zangu zina majani matatumatatu kama manne hivi, yale ya mbegu yamekuwa manjano yanadondoka, nipige dawa?

Babu Malisho: Acha yadondoke dada, kazi yake imeisha. Manjano yakipanda majani ya juu ndo urudi hapa na picha.