Komenti za msimbo: # kila mstari, au nukuu tatu mwanzoni mwa fanksheni?

Chipukizi: Wakuu habari. Tuko wanne, wote tunaanza kuprogramu. Kabla ya Ijumaa lazima tukubaliane mtindo mmoja wa komenti, yaani maelezo ya msomaji ndani ya msimbo. Wawili wanataka komenti kila mstari, wawili wanataka maelezo kwenye nukuu tatu (`"""`). Upi bora?

FundiTanga: Lugha gani? Na nani atausoma huo msimbo? Bila hayo tunapiga ramli.

Chipukizi: Python 3, mkuu. Programu ya ankara za duka la Nairobi, tutaiendeleza wenyewe.

FundiTanga: Basi hivyo ni vitu viwili tofauti, tumieni vyote. Maandishi yaliyo baada ya # Python huyaruka kabisa. Nukuu tatu chini tu ya `def` (mstari unaoanzisha fanksheni) ni stringi, yaani maandishi, inayohifadhiwa: andika `help(jumla_ankara)` uisome. Humo eleza fanksheni inapokea nini na inarudisha nini. Kwenye # eleza *kwa nini*. Komenti kama ya `i = i + 1  # ongeza 1` haina kazi, ifute.

BiSeva: Kila mstari napinga kabisa! Kuna programu ya ankara ilikuwa hivyo. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya Kenya ilishuka hadi 14% Aprili 2020, ikarudi 16% Januari 2021. Aliyerekebisha akaandika 0.16, komenti ya pembeni ikabaki "VAT ni 14%". Aliyemfuata akaamini komenti, akarudisha 0.14. Haikutoa kosa lolote, ila kila bidhaa ya shilingi 10,000 ilitozwa kodi pungufu kwa 200, hadi hesabu za mwezi zilipokataa. Wekeni `KIWANGO_VAT = 0.16` mwanzoni mwa faili, mahali pamoja tu, na komenti iseme kiwango kimeanza lini. Tarakimu yenyewe msiirudie.

Kipanga: Na msitumie nukuu tatu kuzima msimbo, yaani kuufanya usiendeshwe. Ndani kukiwa na `C:\Users` mnapata SyntaxError, maana `\U` inadai tarakimu nane za heksa (0-9 na A-F). Kwenye programu za kuandikia msimbo, VS Code ina Ctrl+/, IDLE ina Alt+3 kuzima na Alt+4 kuwasha. Mkizima mistari yote iliyo chini ya `if`, wekeni `pass` (amri isiyofanya kitu), la sivyo IndentationError.

FundiTanga: Kuzima kwa jaribio tu. Msimbo mfu ufutwe, Git (programu inayotunza matoleo ya msimbo) inautunza.

Kipanga: Wanaoanza wanne na Git? Watapotezana.

BiSeva: Wajifunze sasa, wakiwa bado wanne.

Chipukizi: Ahsanteni. Na lugha, Kiswahili au Kiingereza?

Kipanga: Kiingereza. PEP 8, mwongozo wa mtindo wa Python, inataka hivyo, labda uwe na hakika asilimia 120 kwamba hatausoma asiyejua lugha yako.

BiSeva: Hakika hiyo wanayo, watausoma wenyewe. Anayeanza akilazimishwa Kiingereza anaishia kuandika "calculate total", ambayo jina la fanksheni limeshasema.

FundiTanga: Duka likiajiri mtu mwingine je?

Chipukizi: Mwenzetu mmoja yuko Kigali, Kiswahili anaongea ila kuandika kunamsumbua. Na majina ya vigeu nayo yafuate lugha hiyo hiyo?