Kwa nini rada iliyoshindwa na udongo wetu hupenya kilomita 3 za barafu?

Kijana wa Kamalondo (Lubumbashi)
Wakubwa wangu, nawasalimu. Mimi ni mwanafunzi wa jiolojia. Mwezi uliopita tulikwenda nje ya mji kujifunza kutumia rada ya kupima chini ya ardhi, mvua ikiwa imenyesha siku mbili mfululizo. Tulikokota kisanduku cha antena ya megahezi 250 juu ya udongo mwekundu asubuhi nzima, lakini chini ya mita mbili skrini ilionyesha ukungu wa kijivu tu. Sasa nasoma kwamba rada za jamii hiyohiyo zimechora milima na mabonde ya mwamba yaliyofunikwa na barafu ya kilomita 3 kule Antaktiki. Je, barafu ni laini kuliko udongo? Na kina kinajulikanaje bila kuchimba?

Mzee wa Likasi
Mwanangu, ulaini na ugumu havihusiki hapa. Kinachomeza mawimbi ya redio ni umeme: udongo mfinyanzi uliolowa maji yenye chumvichumvi hupitisha umeme, kwa hiyo nguvu ya wimbi hugeuka joto kabla halijafika mbali, ilhali barafu iliyo baridi sana karibu haipitishi umeme kabisa. Marubani waliliona hilo bila kukusudia, kwani vipimo vyao vya mwinuko vinavyotumia rada vilikosea juu ya barafu, mawimbi yakiwa yanapita ndani yake. Katika miaka ya 1950 Amory Waite, mtaalamu wa redio wa jeshi la Marekani, alilifuatilia jambo hilo, na katika miaka ya 1960 Stan Evans wa Cambridge akaunda mitambo ya kazi hiyo.

Halafu kuna masafa, yaani idadi ya mawimbi kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa megahezi. Megahezi 250 inafaa kutafuta mabomba. Kwa barafu nene hushukwa chini ya hapo ili wimbi lipenye zaidi, na wanaotembea juu ya barafu ya milimani hufika hata megahezi 5, ambapo wimbi moja ndani ya barafu lina urefu wa mita 34 hivi. Antena ya namna hiyo haiingii kisandukuni. Ni waya mrefu unaoburutwa juu ya theluji kama kamba ya mbuzi aliyetoroka.

Dada wa Himbi (Goma)
Kuhusu kina, ndugu yangu, ni hesabu ya mwangwi. Ndani ya barafu wimbi husafiri takribani mita 168 kwa kila sehemu ya milioni ya sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu 24 kama hizo, wimbi limekwenda mita 4,032 kwa safari mbili, na mwamba uko kwenye mita 2,016. Theluji ya juu ambayo haijashikamana huliruhusu wimbi kwenda kasi zaidi, kwa hiyo huongezwa mita chache.

Mtego mkubwa uko kwenye mabonde membamba. Antena hupokea mwangwi kutoka pande zote, na unaotangulia kufika hutoka kwenye ukuta ulio karibu wala si kwenye sakafu, hata bonde likachorwa kuwa na kina kidogo kuliko lilivyo. Ndiyo maana data husahihishwa kwa kompyuta, kila mwangwi ukirudishwa mahali ulipotokea. Nao mwangwi mkali, uliolala sawasawa, huashiria maji: hivyo ndivyo ziwa Vostok la Antaktiki, lililo chini ya barafu ya karibu kilomita 4, lilivyoonekana katika miaka ya 1970.

Kijana wa Kamalondo
Nimeelewa, nashukuru. Basi kupima hivyo barafu ya milima ya Rwenzori, mpakani mwetu na Uganda, kungewezekana?

Mwalimu wa Kadutu (Bukavu)
Inawezekana, ila si kwa urahisi wa Antaktiki. Barafu iliyo karibu na kuyeyuka ina vijishimo vya maji vinavyotawanya mawimbi, na hapo masafa ya chini ndiyo yanayosaidia. Kilimanjaro ilipimwa kwa rada mwaka 2015, na katika uwanda wa barafu wa kaskazini unene ulikuwa kati ya mita 6 na 54 hivi. Kwa udongo wenu, rudini mwezi wa nane, ardhi ikiwa imekauka, na muombe antena ya megahezi 100. Mita moja au mbili za ziada mnaweza kuzipata.